Shajara ya Mradi: Kurudisha Kichwa cha Mvuke Relini

Januari

Kichwa kimeingia karakanani na kazi ya kukifungua imeanza. Kwa wanaotufuata kuanzia sasa: ni kichwa cha mvuke cha silinda mbili, cha makaa ya mawe, kilichojengwa Uingereza na kuachwa nje miaka mingi kikinyeshewa na kuchomwa na jua. Sisi ni kikundi cha kujitolea. Wachache wamewahi kula mshahara wa reli. Waliobaki ni walimu, mafundi umeme, wanafunzi, na mhasibu mmoja ambaye siku hizi humtoi kwenye ribiti hata kwa winchi.

Kabla ya yeyote kushika spana walikuja wataalamu wenye leseni kuondoa asbesto. Vichwa vingi vya zamani vilivishwa asbesto chini ya bati la nje ili joto lisitoroke, na vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki. Kazi hiyo haina kujitolea. Tuliwapisha, tukarudi baada ya hewa kupimwa na kuonekana safi.

Kisha zikaja nati. Zote ni za Whitworth, mfumo wa skrubu uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, wenye meno ya pembe ya digrii 55. Spana za milimita haziziwezi. Zinateleza na kula kona. Mwenye spana za Whitworth zilizolala stoo azilete. Nati iliyoganda tunaipasha moto, tunaimwagia mafuta, tunaigonga, tunaiacha ilale mpaka siku nyingine. Ikikataa kabisa inakatwa, ila inaandikwa daftarini kwa sababu kuna mtu atalazimika kukereza mpya. Kila kinachotoka kinapigwa picha kikiwa bado mahali pake, halafu kinafungwa kibati chenye namba.

Swali tunaloulizwa kila wiki ni rangi lini. Rangi ni mwisho. Naelewa kwamba wachangiaji wanapenda kuona kitu kinang'aa, na wapo wenzetu waliopendekeza tupake walau tenda, behewa la nyuma la makaa na maji, ili watu wapate moyo. Nilipinga kikaoni na bado napinga. Kila tarehe iliyomo kwenye ratiba yetu inategemea boila, na boila hatujaiona ndani.

Februari

Boila imenyanyuliwa kutoka kwenye fremu na kukalishwa juu ya magogo. Kwa wageni, hivi ndivyo ilivyo. Nyuma kuna tanuri: sanduku la chuma lililo ndani ya sanduku jingine, maji yakiwa kati ya hayo mawili na juu ya lile la ndani. Moto unawaka ndani ya lile la ndani. Gesi zake hupita kwenye mirija zaidi ya mia iliyozungukwa na maji, zinatokea kwenye chemba ya moshi mbele, zinapanda dohani. Kuta bapa za tanuri zimeshikanishwa na mamia ya vishikizi, vijiti vya chuma vyenye meno ya skrubu kila upande. Bila vishikizi hivyo presha ingezifumua.

Tumekagua vishikizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni macho. Kila kishikizi kifupi kina kitobo chembamba kinachoingia katikati yake kutokea nje. Kishikizi kikikatika ndani, mahali ambapo jicho halifiki, maji hupenya mpaka kwenye kitobo na kuchuruzika. Ukipita na tochi unatafuta mstari mwekundu wa kutu usiozidi upana wa ukucha, umeshuka kutoka kwenye kitobo na kukauka. Vitobo vingi vilikuwa vimezibwa na tabaka za rangi, kwa hiyo ilibidi kuvizibua kimoja kimoja kwa keekee nyembamba kabla ya kuamini chochote. Mafundi waliokipaka rangi kichwa hiki wakati fulani huko nyuma walikipendezesha sana.

Njia ya pili ni nyundo. Kishikizi kizima hulia, kilichokatika hutoa sauti butu. Mzee wetu wa boila, aliyestaafu kazi hiyohiyo, hupiga akiwa amefumba macho. Kijana mmoja wa chuo akamuuliza, "Shikamoo Mzee. Hapo unasikia nini hasa?"

"Marahaba. Sikiliza hiki." Akagonga. "Sasa hiki." Akagonga cha jirani, akampa nyundo. Mpaka tunakula mchana, mzee alikuwa akimwacha kijana aseme kwanza, yeye anaitikia tu kwa kichwa, na mara mbili alimwambia arudie.

Mwisho tukapima unene wa sahani kwa mawimbi ya sauti. Kuta zote zimechorwa miraba kwa chaki, kila mraba una namba, kila namba ina unene wake kwenye jedwali. Juu kuzuri. Chini, kwenye kuta za pembeni za tanuri karibu na mahali zinapokutana na fremu yake, si kuzuri hata kidogo. Hapo ndipo tope na ukoko wa maji hutulia, maji hayazunguki vizuri, na chuma huliwa polepole kutoka upande usioonekana. Kulia na kushoto, pote pamepungua kuliko mkaguzi atakavyokubali.

Machi

Kikao kirefu, na kwa mara ya kwanza watu wamepandishiana sauti. Njia zilikuwa tatu. Tungeweza kushusha presha ya kazi na kuendelea na chuma kilivyo. Tungeweza kujaza sehemu zilizoliwa kwa kuchomelea, jambo linalofaa kwa vishimo vichache lakini si kwa eneo pana kama hili. Au tukate nusu ya chini ya kuta zote mbili, tung'oe vishikizi vyote vya eneo hilo, na tuchomelee sahani mpya. Tumepitisha ya tatu. Itakula muda na karibu akiba yote.

Waliotaka njia ya kwanza waliniuliza mbona naogopa. Naogopa, ndiyo. Maji kwenye presha ya bar 12 yana joto la zaidi ya nyuzi 190 na bado ni maji, kwa sababu presha haiyaachii yachemke. Boila ikifunguka ghafla, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na mvuke kwenye presha ya kawaida ya hewa hudai nafasi kama mara 1,600 ya ile iliyochukuliwa na maji yaliyouzaa. Boila nzima ni ghala la nguvu hiyo, na watu wawili wanasimama mgongoni mwake.

Nikawasomea habari za kichwa namba 1278, kilichokuwa kikivuta treni ya watalii ya reli ya Gettysburg, Pennsylvania, tarehe 16 Juni 1995. Maji yalishuka chini ya sahani ya juu ya tanuri, sahani ikapata joto kupita kiasi, ikalainika, ikafumuka. Watu watatu waliokuwa kwenye chumba cha dereva waliungua. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba vioo vya kupimia maji havikuwa vimetunzwa ipasavyo, maana yake walioviangalia hawakuwa wakiona hali halisi. Boila haikulipuka yote kwa sababu mpangilio wa vishikizi vya juu uliifanya sahani iachie sehemu kwa sehemu. Kanuni mpya za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 2000 zinataka boila ifunguliwe na kukaguliwa yote kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, chochote kitakachotangulia. Uingereza wengi huenda kwa miaka 10.

Kuna mwenzetu aliyeuliza, kwa upole, kama kichwa chenye sahani mpya na vishikizi vipya bado ni kile kile. Swali zuri, na linanichosha. Vichwa hivi vilibadilishwa mirija, matairi na matanuri tangu vilipokuwa kazini; hakuna reli iliyowahi kuona haya kwa hilo. Na kuna wenzetu waliokwenda mbali zaidi. Vichwa 49 vya aina ya Peppercorn A1 vya Uingereza vilikatwa vyote, hakikubaki hata kimoja. Mwaka 1990 kikundi cha wapenzi wa vichwa vya mvuke kikaanza kuchangisha, kikajenga cha hamsini tangu mwanzo. Kinaitwa Tornado, boila yake ilitengenezwa Meiningen, Ujerumani, na kilitembea kwa mvuke wake Darlington mwaka 2008. Hakuna anayekiita cha bandia kikipita mbele yake.

Aprili na Mei

Kuta za zamani zimekatwa. Aliyechomelea sahani mpya ana cheti cha kazi za vyombo vya presha, na kila mshono umepigwa picha za eksirei. Sisi tulikuwa watu wa kubeba, kusaga na kusafisha. Vishikizi vipya tumekereza wenyewe, na vitobo vyake tumetoboa wenyewe.

Mirija yote imetoka. Kuing'oa ni kazi chafu kuliko zote. Ukoko wa chokaa umeigandia kwa nje mpaka mingine haikupita kwenye tundu lake na ikabidi ikatwe. Nimeweka kipande mezani ili kila anayeuliza kwa nini tunasumbuka na dawa za maji akishike. Ukoko huo huzuia joto lisifike kwenye maji, moto unaongezwa bure, na chuma kinabaki kikiungua.

Huku nyuma, timu ya chini iko kwenye magurudumu. Yamerudi kutoka karakana ya nje, matairi yakiwa yamekerezwa upya. Kabla ya kusaini tulipima pembe: pini za konrodi za kulia na kushoto lazima zipishane digrii 90, ili pistoni moja ikiwa imefika mwisho wa mwendo wake na haina uwezo wa kuzungusha, nyingine iwe katikati na nguvu zake zote. Ziko sawa.

Beringi za ekseli zimemiminwa upya madini meupe, aloi laini ya jamii aliyoibuni Isaac Babbitt mwaka 1839. Sasa tunazikwangua, na hii ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote mwaka huu. Unapaka buluu kwenye ekseli, utando mwembamba kiasi kwamba chuma bado kinaonekana chini yake. Unakalisha beringi, unaizungusha kidogo, unainyanyua, unaigeuza. Palipopata buluu ndipo palipogusa, yaani ndipo palipozidi. Unapakwangua kwa kikwaruzo chenye makali matatu, kinatoka kipande cha madini chepesi kuliko ganda la kitunguu. Unafuta, unapaka tena, unarudia. Mwanzo unaona madoa mawili matatu makubwa. Ukikaribia mwisho yamekuwa vidoa vingi vidogo vilivyotapakaa uso mzima, na kati yake kuna nafasi za mafuta kukaa. Hakuna mashine tuliyo nayo inayofanya hivyo. Mhasibu wetu ameacha ribiti kwa muda na kuhamia huku. Anasema ni sawa na kusawazisha hesabu, ukisukuma hapa panatokea pale.

Aliyekata tamaa alipoona hali ya chasisi nilimkumbusha Barry, Wales. Dai Woodham alinunua vichwa 297 vya mvuke ili vikatwe chuma chakavu. Akatanguliza kukata mabehewa kwa sababu yalikuwa rahisi zaidi, vichwa vikasimama kwenye uwanja wake kando ya bahari, hewa ya chumvi ikivila. Katika hivyo, 213 viliondoka Barry vikiwa vimenunuliwa ili vihifadhiwe. Cha kwetu hakikufika hali ya hivyo.

Juni

Hakuna cha kuonyesha. Tunasubiri vitu vya kusubu. Kimoja kilirudi kikiwa na matundu ya hewa ndani, kimepelekwa tena. Tumepaka fremu rangi ya kuzuia kutu. Rangi hiyo sina ugomvi nayo.

Julai

Mirija mipya imeingia, ncha zake zimetanuliwa kwa rola mpaka zikakaza kwenye sahani, na upande wa moto zikakunjwa midomo. Baada ya hapo, jaribio la maji baridi mbele ya mkaguzi.

Wengi huuliza kwa nini maji na si mvuke au hewa. Maji karibu hayabanwi, kwa hiyo hata yakiwa kwenye presha kubwa hayahifadhi nguvu nyingi. Kitu kikipasuka, yanachuruzika, presha inashuka, basi. Hewa ingefyatuka. Boila inajazwa mpaka juu kabisa, hewa yote inatolewa, pampu ya mkono inaanza. Mkaguzi alitaka mara moja na nusu ya presha ya kazi.

Tulipofika kwenye presha ya kazi, mirija kadhaa ililia machozi kwenye sahani ya mbele. Tukashusha, tukaitanua tena, tukapandisha. Juu kabisa tukasimama, pampu imefungwa, macho kwenye geji. Sindano haikutikisika. Mkaguzi aliingia ndani ya tanuri na tochi yake, akakaa humo muda mrefu kiasi cha kututia wasiwasi, akatoka akiwa mweusi begani na kusema kuta mpya hazina neno. Amepita kila kishikizi. Mzee wa boila hakusema kitu, alikwenda kunawa mikono.

Agosti

Boila imerudi kwenye fremu. Moto wa kwanza ulikuwa wa kuni, mdogo, na uliachwa uwe mdogo. Boila baridi haikurupushwi. Sahani, mirija na vishikizi hutanuka kwa kasi tofauti, na ukizipeleka mbio unavunja kwa siku moja kazi ya miezi. Ndiyo maana boila hufungwa kwa uthabiti upande wa mbele tu. Nyuma imekaa juu ya fremu kwa namna ya kuteleza, irefuke inavyotaka. Tuliweka alama ya chaki pale inapoteleza. Ilisogea, na unaweza kuona kwa macho.

Makaa yaliingia siku iliyofuata. Presha ilipanda kidogo kidogo mpaka kwenye mstari mwekundu, valvu za usalama zikafunguka zote mbili, mkaguzi akataka tuendelee kuchochea huku zikiwa wazi ili aone kama zinaweza kutoa mvuke wote ambao moto unaweza kuuzalisha. Ziliweza. Kelele yake mtu haongei, anaonyesha kwa vidole.

Injekta ilinisumbua akili tangu utotoni na bado inanifurahisha. Henri Giffard aliivumbua mwaka 1858. Inachukua mvuke wa boila na kwa mvuke huohuo inasukuma maji baridi kuingia ndani ya boila ileile, kinyume na presha yake yenyewe, bila pistoni wala gurudumu. Mvuke hupita kwenye mdomo mwembamba kwa kasi kubwa, unakutana na maji, unageuka maji ndani yake na kuyapa mwendo, kisha njia inapanuka na mwendo huo unageuka presha ya kutosha kusukuma valvu. Tunazo mbili, maana boila isiyoweza kupata maji ni boila ya kuzimwa moto haraka. Ya kushoto inakubali mara moja. Ya kulia ina kiburi maji ya tenda yakiwa ya uvuguvugu.

Septemba

Kichwa kimetembea. Taratibu, na valvu za kutolea maji kwenye silinda zikiwa wazi, kwa sababu mvuke ukikuta silinda baridi unageuka maji, na pistoni inayokutana na maji yasiyo na pa kutokea itang'oa kifuniko cha silinda.

Kila tuliposimama tulizunguka kugusa beringi kwa mgongo wa kiganja. Zote zilikuwa vuguvugu isipokuwa ya nyuma kushoto, ambayo ilikuwa moto. Ilifunguliwa, tukakuta utambi wa mafuta umekaa vibaya na haufyonzi. Umebadilishwa, na katika safari ya pili beringi hiyo imekuwa sawa na wenzake.

Mafunzo ya wachochea moto yameanza. Wanaokuja na mikono yenye nguvu hujaza tanuri makaa na presha inashuka. Unatupa kidogo na mara kwa mara, penye weupe na uwazi, nyuma na kwenye kona moto ukiwa mnene zaidi, mbele ukiwa mwembamba. Unaangalia dohani: moshi mweusi mzito ni makaa yanayoondoka bila kuungua. Lakini jicho la kwanza ni la kioo cha maji, na kioo hupulizwa na kujaribiwa kabla ya safari hata kama jana kilikuwa sawa. Hapo simwonei mtu aibu. Kijana aliyekisoma bila kukijaribu ameshushwa, atarudi wiki ijayo.

Makaa yenyewe yanaanza kuwa shida. Mgodi wa Ffos-y-fran, Wales, uliokuwa ukilisha reli nyingi za urithi za Uingereza, uliacha kuchimba mwaka 2023, na sasa wengi wanaagiza kutoka mbali au wanajaribu makaa ya kufinyangwa yenye mchanganyiko wa mimea. Tumejaribu mfuko wa hayo ya kufinyangwa. Yanawaka kwa utulivu na moshi kidogo, ila yanataka moto mnene zaidi na yanachelewa kuitikia kwenye mlima. Nitasema zaidi tukishayajaribu na mabehewa yamejaa.

Oktoba

Tunabeba abiria. Picha zimewekwa na wengine, mimi nina la ratiba.

Siku moja ya safari inataka mtu wa kuwasha moto kabla ya alfajiri, dereva, mchochea moto, gadi, na jioni watu wa kutoa majivu, kufagia chemba ya moshi na kukiacha kichwa salama. Walioomba kuwa madereva ni wengi. Walioomba majivu ni wawili. Talyllyn, Wales, reli ya kwanza duniani kuendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1951, ina pia waajiriwa, na nadhani huko ndiko tunakoelekea angalau kwa kazi ya boila. Mzee hatakuwa nasi milele, naye mwenyewe amesema hivyo kikaoni akicheka. Kijana wa chuo anamfuata kila mahali na nyundo yake, lakini mmoja hatoshi.

Kuhusu rangi: wasimamizi wamekubali ipakwe wakati wa mapumziko ya msimu, boila ikiwa imeshaoshwa na kukaguliwa.

Kuosha ndiyo kazi inayofuata. Kichwa kitazimwa Jumatano na kuachwa kipoe chenyewe. Asimwagie mtu maji baridi boila yenye joto kwa haraka zake. Jumamosi plagi zote za kona zinafunguliwa, mpira wa maji unaingia kila tundu, tope linatolewa chini karibu na zile kuta mpya, na tochi inapita kwenye kila kitobo cha kishikizi. Injekta ya kulia itafunguliwa siku hiyohiyo. Viatu vya mpira ni lazima, na anayetaka jina lake liwe kwenye orodha ya mafunzo ya dereva aje kwanza na koleo la majivu.